Sijda ya Kusahau

Ilikuwa Isha. Umeme ulikatika Ngamiani nzima, hapa Tanga, tangu magharibi, tukaweka taa ya kuchaji juu ya friji, nami nikatandika msala wangu mbele na wa Mama nyuma yangu. Rakaa mbili za mwanzo nikazisoma kwa sauti. Ya tatu na ya nne zikapita kimya, na humo kimyani akili ikatoka, ikaenda zake mjini: dawa ya presha inakaribia kwisha, fundi bomba hapokei simu, ofisini Dar es Salaam wanauliza nitarudi lini. Nikainuka kutoka sijda ya mwisho, nikasimama wima, nikaanza Alhamdu.

Nyuma yangu likalia kofi.

Moja tu, kavu.

Wanaosali wanajua maana yake. Imamu akikosea, mwanamume aliye nyuma humzindua kwa kusema Subhanallah. Mwanamke hupiga kofi. Nilikuwa naingia rakaa ya tano katika sala ya rakaa nne. Nikarudi chini, nikasoma tahiyatu, nikasujudu zile sijda mbili za kusahau, nikatoa salamu, nikageuka.

Mama alikuwa ameketi sawasawa, shungi limemkaa, ananitazama kwa ile adabu anayowawekea wageni.

"Tushasali?" akaniuliza.

## Mbu

Mtu asiyejua leo Jumatatu au Ijumaa, anayemuuliza binti yake wa kumzaa "wewe wa nyumba gani?", anayeweza kunywa chai, akaweka kikombe chini, na papo hapo akalalamika kwamba nyumba hii hawampi mtu chai: mtu huyo alihesabuje rakaa nne gizani, wakati mimi mwenye akili zangu timamu nimepotea?

Nilimsimulia dada yangu usiku uleule. Alikuwa uani anafua. Hakunyanyua hata kichwa.

"Mbu," akasema.

"Nini?"

"Kapiga mbu. Feni haizunguki, mbu wamejaa humo ndani, na wewe unataka muujiza."

Wiki zimepita na mimi bado niko kwenye lile kofi. Kwa mtu mwingine ni jambo dogo. Lakini kimoyomoyo nilikuwa nimeshamlilia Mama na kumaliza. Nilikuwa nahudumia mwili wake, kwa mapenzi, ndiyo, lakini kwa kuamini kwamba mwenyewe ameshaondoka. Kama kofi lilikuwa la mbu, basi mle chumbani hakuna aliyekuwa akisali: mmoja anaiga, mwingine anawaza fundi bomba. Kama lilikuwa langu, basi yuko mtu aliyekuwa akisali kweli, na mtu huyo si mimi.

Nimeshindwa kuamua lipi linatisha zaidi.

## Adhana tatu

Nyumba yetu imezungukwa na misikiti, na kila msikiti una saa yake. Adhuhuri ya kwanza hutoka upande wa sokoni. Ya pili hudakia kabla ile haijamaliza. Ya tatu huja baadaye sana, muadhini wake mzee, spika yake inakwaruza. Zamani Mama alikuwa akicheka na kusema huyu wa tatu anawaadhinia waliochelewa.

Ugonjwa ulipoingia, kila adhana ikawa wakati mpya. Anatawadha, anasali, anakunja msala. Spika ya pili inalia, anatawadha tena. Na ya tatu hivyohivyo.

Tukimwambia "umeshasali, Mama," anakasirika, hasira za mwalimu. Kwa miaka mingi baraza ya nyumba hii ilikuwa chuo. Watoto wa mtaa walikuja na juzuu zao, wakajipanga mkekani, alifu bee tee mpaka watu wa mbali wakajua saa ngapi. Leo nusu ya watu wazima ninaopishana nao sokoni wananiuliza, "Mwalimu hajambo?" Mwanamke wa namna hiyo humwambii kwamba hajui kama amesali au hajasali. Atakutazama kuanzia miguuni, kisha atauliza:

"Na wewe, umesali?"

Hapo ndipo niliponyamaza kila mara. Nilirudi Tanga nikiwa Mwislamu wa Ijumaa, Idi na maziko. Sikuwa na ugomvi na dini, wala hakuna siku niliyoamua. Sala ziliniponyoka moja moja, kwenye foleni na vikao vya jioni, mpaka ikawa nikisikia adhana nasikia sauti ya mtaa tu, basi.

Kwa hiyo kusalisha hakukuanza kwa ucha Mungu. Kulianza alasiri moja nilipoingia chumbani kwake nikamkuta amesimama juu ya msala, machozi yanamtoka. Alikuwa amesimama hapo tangu adhuhuri. Miguu imeanza kuvimba. Anaanza Alhamdu, anafika katikati, anarudi mwanzo. Hakuweza kusonga mbele na hakuweza kutoka, maana mtu hutoka kwenye sala kwa salamu, na salamu ilikuwa mbali, upande wa pili wa mambo ambayo hayakumbuki. Wala hakuweza kuniita, kusema kunabatilisha. Alikuwa amefungiwa ndani ya sala yake mwenyewe.

Nikavua viatu, nikasimama mbele yake, nikasema "Allahu Akbar" kwa sauti.

Nikamsikia anashusha pumzi. Nikarukuu, akarukuu. Sijda, kikao, sijda. Tulipofika mwisho akatoa salamu kulia na kushoto, akasema, "Ahsante, baba," akaenda kujinyoosha.

Sikuwa na udhu.

## Basi la Pangani

Jua likianza kushuka, Mama anataka kwenda kwao. Anafunga kanga mbili tatu kwenye furushi, anasimama mlangoni, anadai amechelewa basi la Pangani na mama yake anamsubiri. Ukimzuia anapiga kelele. Ukimwacha anatoka kweli. Tulishamfuata hadi barabara kubwa.

Sasa, kila aliyekulia pwani anajua magharibi ni saa gani. Ni saa ya kuita watoto ndani na kufukiza ubani. Mzee anayeshinda mzima na kubadilika magharibi hasa, mtaa utasema nini? Walisema. Wengine wakanong'ona kwamba kachezewa na majini. Wengine, wenye huruma, wakasema ni uzee tu, kila mzee hurudi utotoni. Kauli zote mbili zinamaliza mazungumzo; hakuna inayokupa la kufanya saa kumi na mbili jioni mlango ukitikiswa.

Mjomba alileta kombe. Sahani nyeupe, aya zimeandikwa kwa zafarani, tayari kwa kuoshwa kwa marashi na kunywewa. Mimi nilikuwa nimekunja uso. Mama akaipokea sahani, akaisogeza karibu na macho, akaizungusha polepole akifuata mstari kwa kidole, halafu akamwambia kaka yake, "Huyu aliyeandika hapa hakutia nukta." Mjomba akaangalia. Haikuwepo.

Akainywa hata hivyo. Jioni yake akataka basi la Pangani.

Hospitali, daktari alikuwa kijana mpole, tatizo lilikuwa kipimo. Alimpa karatasi achore saa ya ukutani na mishale yake. Mama hakuwahi kuchora saa maishani mwake. Akashika kalamu, akaandika Bismillahi, kutoka kulia, kwa mwandiko mzuri kabisa, akamrudishia. Sijui alipewa maksi ngapi. Baadaye nikaja kusoma kwamba wako watafiti waliokwisha kuliona jambo hili: huko Hai, Kilimanjaro, kilijaribiwa kipimo kwa ajili ya wazee ambao hawakukaa sana shuleni, na badala ya kuchora, mzee anapewa njiti za kiberiti azipange kwa kufuata mfano. Utafiti wa hukohuko Hai, uliochapishwa mwaka 2013, ulikuta dementia, yaani ugonjwa wa kupotewa na kumbukumbu na akili, kwa takriban wazee 6 katika kila 100 wenye miaka 70 na kuendelea. Nilipomsomea Mjomba, akahesabu kwa vidole wazee wa mtaa wetu, akataja mmoja, akataja wa pili, akanyamaza. Wote wawili tuliwahi kuambiwa wamerogwa.

Daktari aliandika Alzheimer, aina mojawapo ya ugonjwa huo. Alitueleza kwamba sehemu ya ubongo inayohifadhi mambo mapya ndiyo huathirika mapema, ndiyo maana chai ya sasa hivi inapotea na Pangani ya utotoni ipo. Alisema mahangaiko ya jioni ni ya kawaida kwa wagonjwa hawa, na kwamba mambo ambayo mwili umeyarudia maisha yote, kusuka, kupeta mchele, hukaa kwa muda mrefu kuliko majina ya watoto.

"Na kusali?" nikamuuliza.

"Na kusali," akasema.

Nilitoka pale nimefarijika, na kufika getini faraja imeshaniishia. Kama ni mazoea ya mwili, basi ni sala au ni kupeta mchele?

## Aya niliyotaka kuiruka

Kuna kitu kiliniuma kuliko maneno ya majini. Tulikuwa kwenye hitima ya jirani, wanawake wako ndani, na sauti ya bibi mmoja wa ukoo ikavuka pazia, kwa nia njema kabisa: "Lakini si tumefundishwa kwamba msomaji wa Qurani hapotelewi na akili?"

Hakuna aliyejibu. Lakini swali lilikuwa limeshatoka, na tafsiri yake kila mtu aliifanya mwenyewe. Mwalimu wa chuo, miaka yote ile, kumbe alikuwa akisomaje?

Nilitafuta. Kauli hiyo ipo, ni ya zamani, inanasibishwa na Ikrima, mwanafunzi wa Ibn Abbas: mwenye kusoma Qurani harudishwi kwenye umri dhalili. Umri dhalili ni lugha ya Qurani yenyewe. Sura ya An-Nahl, aya ya 70: wapo miongoni mwenu wanaorudishwa kwenye umri dhalili, hata mtu asijue kitu baada ya kuwa alijua. Surat Al-Hajj nayo inairudia.

Baada ya kusali huwa namsomea Mama kurasa chache. Hufumba macho, midomo inafuata, mara nyingine inanitangulia. Siku tulipoingia An-Nahl niliiona ile aya inakuja kutoka juu ya ukurasa. Nikapunguza mwendo. Nikafikiria kuiruka; nani angejua? Lakini kumrukia aya mtu aliyenifundisha kusoma, mbele ya uso wake, kulinishinda. Nikaisoma.

Akaomba maji.

Nilikasirika usiku ule. Aya inakwisha kwa kusema Mwenyezi Mungu ni Mjuzi, Mwenye uwezo, nami nikawa najiuliza ni ujuzi gani unaohitaji kuchukua hata huu mdogo wa mama yangu. Wapo watakaosema maneno hayo hayafai kuandikwa. Nayaandika kwa sababu najua wako wanaoyawaza jikoni, wanakoroga uji, na wanadhani wako peke yao.

Kilichonisogeza hakikuwa faraja ya mtu. Ilikuwa dua. Imepokewa katika Bukhari kwamba Saad bin Abi Waqqas alikuwa akiwafundisha wanawe maneno fulani kama mwalimu anavyowafundisha watoto kuandika, na akasema Mtume alikuwa akijikinga kwayo: kutokana na ubakhili, na uoga, na kurudishwa kwenye umri dhalili. Nikaisoma tena na tena. Mtu haombi kinga na kitu kisichoweza kumfika. Kama yeye aliomba kinga na hili, basi hili halichagui wabaya. Huwafika watu, na msomaji wa Qurani ni mtu.

Bibi yule sijamwambia. Nadhani nitamwambia.

## Mwenye deni

Nilikwenda kwa sheikh mmoja, mzee, tuliyekuwa tukimkimbia utotoni. Nikamweleza zile Adhuhuri tatu, kupotea katikati ya sala, kofi na mbu. Alinisikiliza huku akichambua mchicha, maana mkewe alikuwa safarini.

"Kalamu imeinuliwa," akasema.

Niliijua hadithi. Kalamu imeinuliwa kwa watu watatu: aliyelala mpaka aamke, mtoto mpaka abaleghe, na aliyepotewa na akili mpaka apate akili. Lakini nilikuwa sijawahi kuisikia ikisemwa juu ya mtu ninayemjua.

"Mama yako hana deni la sala hata moja. Akisali mara tatu, akisali mara moja, asisali kabisa. Haandikiwi."

Mwanzo nilishukuru. Kisha ikawa nimeibiwa. "Kwa hiyo anasali bure?"

"Nani kasema bure? Nimesema hana deni." Akatupa bua la mchicha kwenye ndoo, akanitazama. "Mwenye deni mle chumbani ni wewe."

Alinihadithia jambo ambalo nililisoma chuoni kwa Mama na kulisahau. Siku moja Mtume alisalisha moja ya sala za mchana, akatoa salamu baada ya rakaa mbili. Abu Bakr na Umar walikuwepo, wakaona haya kumwambia. Alikuwepo mtu mmoja mwenye mikono mirefu, wakimwita Dhul-Yadayn. Huyo ndiye aliyeuliza: sala imepunguzwa, ewe Mtume, au umesahau? Mtume akawauliza wengine kama anayosema ni kweli. Wakasema ndiyo. Akarudi, akakamilisha zilizobaki, akasujudu sijda mbili.

Na siku nyingine alipokosea akasema: mimi ni mtu tu, nasahau kama mnavyosahau, nikisahau, nikumbusheni.

Nilirudi nyumbani kwa miguu, na njia nzima nilikuwa nawaza juu ya zile sijda mbili. Nimezisujudu tangu utoto bila kuziangalia. Fikiri: sala, kitu kilichopimwa mpaka kidole cha shahada kinanyanyuka wapi, kimewekewa ndani yake mahali pa mtu aliyesahau. Aliyepotea hatolewi. Hatangazwi mbele ya safu. Anamaliza pale alipofika, anaweka paji la uso chini mara mbili, anatoa salamu na wenzake. Na wa nyuma hawakuambiwa wanyamaze kwa heshima. Waliambiwa wakumbushe, mwanamume kwa sauti, mwanamke kwa kofi.

Sisi nyumbani tulikuwa na mtu aliyesahau, na tulichokuwa tukifanya ni kubishana naye. Leo si Ijumaa, Mama. Huyu si kaka yako, Mama. Pangani hakuna mtu tena, Mama. Tulikuwa tukimpa mtihani asubuhi mpaka usiku na kumsahihisha kwa kalamu nyekundu. Tangu siku ile akitaka basi la Pangani namwuliza nauli anayo. Anafungua furushi, anatafuta, tunakaa kitako kuhesabu vifungo na karatasi za peremende, na mara nyingi Isha inaingia safari ikiwa imeahirishwa. Si dawa. Kuna jioni anapiga kelele vilevile.

Swali lililonipeleka kwa sheikh sikumwuliza. Nilitaka kujua hivi: mtu anayesimama kusali kwa sababu mama yake hawezi kutoka kwenye sala peke yake, anasali kwa ajili ya nani? Nilijua angeniuliza niya yangu, na niya yangu kila nikiikagua naikuta ina uso wa Mama.

## Anayesafisha

Hapa nilidhani makala itakwisha. Dada yangu akasoma rasimu kwenye simu, amesimama mlangoni, akanirudishia.

"Umeniweka uani nafua."

"Ulikuwa unafua."

"Nilikuwa nafua nini?"

Nikanyamaza, maana najua alichokuwa akifua.

"Wewe unasalisha," akasema, "mimi nasafisha. Watu wakija wanakukuta umevaa kanzu, wanasema mashallah, mtoto wa kiume kamrudia mama yake. Mimi niko nyuma na beseni."

Ni kweli, na ni kweli hata kifikihi. Mama hazuii mkojo tena. Mwenye hali hiyo hujisafisha na kutia udhu wakati wa sala ukishaingia, kila sala na udhu wake. Maana yake kila adhana, kabla mimi sijasema "Allahu Akbar", dada ameshambadilisha pampasi, ameshamwosha, ameshamtia udhu kiungo kwa kiungo huku akipigwa viganja, akitukanwa, siku nyingine akiitwa mwizi, ameshamfunga shungi. Mimi napokea mtu aliyekwisha kutayarishwa. Nusu ya sala ile ilikuwa ikifanyika bafuni, na haikuwa na imamu. Dada yetu mwingine yuko Muscat, anatuma fedha kila mwezi bila kukosa na kupiga simu ya video. Naye analia kwamba hana mchango. Ukoo wetu una vipimo vya ajabu vya nani anamhudumia mzazi.

"Kuanzia Jumamosi nasalisha mimi," dada akasema. "Wewe utafua."

Mwanamke akiwasalisha wanawake wenziwe hasimami mbele. Husimama nao safu moja. Kwa hiyo dada alitandika misala miwili bega kwa bega, na mimi nikakaa uani na beseni, mashuka na sabuni ya unga, nikimsikiliza dirishani. Anasoma vizuri kuliko mimi. Yeye alimaliza chuo cha Mama. Mimi nilikuwa natoroka kwenda kuogelea Raskazone.

Baada ya siku chache akaja, akakaa kwenye ndoo iliyopinduliwa.

"Anapiga makofi," akasema.

"Lini?"

"Wakati wowote. Jana kwenye rukuu. Tena kwenye tahiyatu. Na taa inawaka, feni inazunguka, mbu hakuna."

"Ulikosea?"

"Sikukosea." Akawa anakung'uta povu kwenye kanga yake. "Ile ya rukuu sikukosea. Ile nyingine sina uhakika."

Halafu akanieleza kitu ambacho kwa muda wote niliosimama mbele nisingeweza kukiona. Mama akisujudu, mkono mmoja hauko pale unapotakiwa kuwa. Unatambaa mkekani, unatafuta upande, mpaka ushike pindo la nguo ya aliye karibu. Ukishashika, anatulia. Akinyanyuka anaachia. Sijda inayofuata anatafuta tena.

"Kila sijda?"

"Kila sijda."

Mbele yangu mimi kulikuwa na ukuta na kalenda. Mkono ule ulikuwa ukitafuta kwenye sakafu tupu.

## Bila maamuma

Sasa niko uani adhana zikilia. Sina maamuma. Hakuna mtu nyuma yangu anayesubiri nimtoe kwenye sala, hakuna anayeuliza kama nimesali. Mama ana mtu wake, ubavuni. Yale ya niya ambayo sikumwuliza sheikh yakajiuliza yenyewe.

Siku za mwanzo adhana ya kwanza ilipita nikiwa nakamua mashuka. Na ya pili. Nilijiangalia kwa namna mtu anavyomwangalia mpangaji mpya: tuone huyu atafanya nini. Siwezi kudai kwamba kuna jambo kubwa lilitokea. Siku moja tu nilijikuta nimeinamisha birika, nimeshaosha uso na mikono, nafika miguuni, ndipo nikagundua kwamba hakuna aliyenituma.

Baadhi ya siku nasali hapohapo uani, kwenye mkeka wa zamani wa chuo. Baadhi ya siku natoka. Mashuka ya Mama hayajali saa ya jamaa, huwa nachelewa, kwa hiyo ninakokwenda ni ule msikiti wa tatu, wa spika inayokwaruza. Muadhini ni mzee kuliko nilivyodhani. Alisoma kwa Mama. Wa pembeni yangu kwenye safu simjui hata jina, ila tukisimama bega lake linagusa langu.

Mama ameanza kukataa kusimama. Dada anamsalisha amekaa kitandani, yeye chini pembeni, na amefunga kona ya kanga yake kwenye mchago ili mkono ukitafuta upate. Chakula nacho anakikataa, ila uji wa mchele wenye tui. Tunasubiri tarehe ya kumrudisha kwa daktari.

Alfajiri bado inanishinda. Dada kasema atakuwa ananigongea mlango, na kwamba hatagonga mara mbili.